Upinde Huhesabiwa Umekwisha Lini? Jaribio Likiwa Sehemu ya Kazi

Katika masomo ya kazi za mikono liko swali moja ambalo mwalimu wa shule ya msingi hulikuta kila muhula, nalo ni hili: kazi ya mwanafunzi huhesabiwa imekwisha lini? Mfinyanzi hulijibu upesi. Chungu hakijaisha mpaka kimetoka motoni, kikatiwa maji, na maji hayo yasivuje. Mfumaji wa mkeka naye hujibu vivyo hivyo, kwani mkeka hutandikwa ukalaliwa. Lakini darasani aghalabu jibu huwa jingine. Kazi imekwisha kengele inapolia, au muhula unapofungwa, au inapoanza kupendeza machoni pa mkaguzi.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia kitu kimoja tu, yaani upinde wa mti, kama tulivyouona ukichongwa na kujaribiwa katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kasulu na Kibondo, tulipokuwa tukiwasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Tumeuchagua upinde kwa sababu haufichi ubovu wake kwa muda mrefu. Chungu kibovu huvuja tu. Upinde mbovu huvunjika mkononi mwa mtu, na kipande chake hupita karibu na jicho.

Upinde katika Buha

Msafiri atokaye Kasulu kwenda Kibondo kwa njia ya Makere hupita vilima vilivyolimwa maharage, mahindi na mihogo, na kwa upande wa mashariki huiacha misitu ya miombo ikijitandaza kuelekea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi. Nchi hii iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanza karibu na Oktoba, nazo hukoma karibu na Mei. Kisha hufuata kiangazi chenye asubuhi za baridi na vumbi jekundu. Hii ndiyo Buha, nchi ya Waha, ambao ni jirani wa Burundi kwa ardhi na kwa lugha. Mrundi huuita upinde umuheto. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya mpakani, tuseme upande wa Mabamba, atafanya vema kuwauliza wazee majina ya Kiha ya kila sehemu ya chombo hiki kabla ya kuandika ya Kiswahili ubaoni.

Zamani upinde ulikuwa silaha ya vita, chombo cha mawindo na kinga ya shamba. Leo mambo yamebadilika. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na mwalimu hana budi kulisema jambo hilo waziwazi siku ya kwanza ya somo. Hatuwafundishi watoto kuchonga upinde ili wakawinde. Twawafundisha kwa sababu ndani ya kipande kile cha mti mna hisabati, sayansi na subira, na vyote vitatu hupatikana bila kununuliwa dukani. Katika nchi yetu wako bado wanaoishi na chombo hiki, kama Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mchanga kabisa, akaendelea kubadilisha pinde kadiri mikono yake inavyokua. Mtoto huyo hahitaji kuambiwa maana ya neno jaribio. Hulijaribu jambo kila siku, na siku ikimshinda hurudi mikono mitupu.

Pinde 12 juu ya meza

Katika shule moja ya nyanda hizo, ambayo hatutaitaja, tulialikwa siku ya wazazi kutazama kazi za darasa la sita. Juu ya meza iliyotandikwa kitambaa zilipangwa pinde 12, zote zimesuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya mawese hata zikameta. Kila upinde uliwekewa karatasi yenye alama. Wa kwanza ulikuwa umepata 90 katika 100. Wa mwisho, uliokuwa na kifundo cha tawi ubavuni, ulipata 45. Walimu walikuwa wamemwalika pia mzee mmoja mchonga pinde wa kijiji cha jirani, ili aseme neno na kumkabidhi mshindi zawadi ya madaftari.

Mzee alizitazama zote. Aliinua kila upinde hadi usawa wa jicho, akaufuata kwa macho kutoka ncha hadi ncha, akaurudisha mezani bila kusema. Alipomaliza aliwageukia wenyeji wake.

“Walimu wangu,” alisema, “watoto wamechonga vizuri sana. Lakini mmeniita nichague upinde, nami upinde sijauona bado. Hapa naona fito.”

Mwalimu mkuu alimjibu kwa heshima, “Mzee wetu, alama zimekwisha kuandikwa, na wazazi wanangoja.”

Mzee alimwita mvulana aliyepata 90. “Mjukuu wangu, huu umeuvuta mara ngapi?”

“Sijauvuta, babu. Tuliambiwa tusije tukaiharibu kazi kabla ya maonyesho.”

Twaomba msomaji aliweke moyoni jibu hilo, kwani hatujasikia maneno mengine yanayoueleza ugonjwa wa madarasa yetu kwa ufupi kama hayo. Mtoto alifundishwa kwamba kujaribu ni kuharibu.

Mzee alitoa ugwe mfukoni, akautia kwenye upinde ule kwa ulegevu, akauvuta kiasi cha shubiri moja tu. Upinde ulikunjika, lakini haukukunjika wote. Palikuwa na mahali, vidole vinne chini ya kishikio, ambapo mpindo wote ulikusanyika kama kiwiko, na sehemu nyingine zikabaki nyoofu kama mwiko. Mzee aliacha pale pale. “Nikizidi hapa utavunjika,” alimwambia mtoto, “na wewe utakuwa umejifunza kulia tu.” Akaomba kipande cha mkaa, akatia alama mahali palipokuwa pagumu, wala si pale palipokuwa dhaifu, akamrudishia. “Punguza hapa na hapa. Pale usipaguse tena.”

Ule wa alama 45 nao haukumridhisha. Kifundo kile, alisema, kilistahili kuachiwa unene zaidi ya sehemu zilizokizunguka, nacho kilikuwa kimechongwa sawa nazo ili kipendeze. Basi siku ile hakushinda mtu, na madaftari ya zawadi yalirudi kabatini. Wazazi wengine walinung’unika. Lakini tufikiri: lau upinde ule wa kwanza ungalipelekwa nyumbani pamoja na alama zake 90, ungalivunjika mbele ya uso wa mtoto mwenyewe, au wa mdogo wake, na hakuna alama ambayo ingalimkinga. Zaidi ya hayo, watoto wote wawili, aliyesifiwa na aliyeshushwa, wangaliondoka na habari zisizo za kweli juu ya mikono yao.

Hatua za kujaribu

Baada ya siku ile mzee alikubali kuja shuleni mara moja kwa juma, na wanachuo wetu waliandika kila alichofanya. Tunazieleza hatua hizo hapa kwa utaratibu, pamoja na sababu zake, ili mwalimu aweze kuzifuata mahali popote.

Kwanza, jaribio huanza kabla ya tezo. Mti wa kuchonga upinde, kama mkole ambao wengi huupenda kwa kazi hii, huchaguliwa ulionyooka, usio na vifundo vingi, na ambao nyuzinyuzi zake hazikujisokota. Hukaushwa kivulini kwa miezi, na ncha zake hupakwa mafuta au nta zisipasuke. Ili kujua umekauka, tuliwaelekeza wanafunzi wapime uzito wake kwa mizani kila juma na kuandika. Uzito hupungua juma hadi juma, kisha hufika mahali ukasimama. Hapo ndipo mti umetoa maji uwezayo kutoa katika hewa ya pale. Mtoto aliyeona hesabu ikisimama kwa majuma mawili mfululizo hahitaji kuamini neno la mwalimu.

Pili, ni lazima mtoto ajue pande mbili za upinde. Upande unaomwelekea mpigaji huitwa tumbo, na ule wa nje huitwa mgongo. Upinde ukivutwa, nyuzinyuzi za mgongo hunyoshwa na zile za tumbo hubanwa. Uzi ulionyoshwa ukiwa umekatwa huanza kuchanika pale pale. Kwa hiyo mgongo huachwa kama mti ulivyoukuza, na kazi yote ya kisu hufanywa upande wa tumbo.

Tatu, kabla ya kutia ugwe, ncha moja hukitwa chini, mkono mmoja hushika ncha ya juu, na mwingine hukibonyeza kishikio polepole. Mwenzake husimama hatua tatu kando na kutazama. Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja, kwa maana auvutaye upinde hauoni. Tulipenda sana sehemu hii ya somo, kwani mtoto mtazamaji, ambaye pengine mikono yake si hodari, hupata cheo cha kuwa jicho la mwenzake.

Nne, hutiwa ugwe mrefu, uliolegea. Upinde huning’inizwa kwa kishikio chake kwenye kigingi ukutani, na nyuma yake huchorwa mistari ya chaki. Ugwe huvutwa chini kidogo kidogo, na mikono miwili ya upinde, wa kuume na wa kushoto, hulinganishwa na mistari ile. Palipo pagumu hutiwa mkaa, hukwanguliwa kwa kisu au kwa kipande cha chupa, kisha upinde huvutwa tena mara 20 au 30 kwa urefu ule ule mfupi, ili mti uzoee sura yake mpya kabla ya kuhukumiwa. Sharti kubwa ni hili: usiuvute upinde kupita pale ulipoona kasoro. Kasoro hurekebishwa kwanza, ndipo urefu wa kuvuta uongezwe.

Hapa hisabati huingia yenyewe. Ugumu wa ubao unaopindwa hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiwa na unene wa milimita 20, ukaondoa 2 tu, unene umepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini ugumu umepungua kwa zaidi ya robo, kwa kuwa 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.729. Ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, ugumu hupungua kwa sehemu hiyo hiyo tu. Ndiyo maana fundi hukwangua mara chache na kujaribu mara nyingi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Akikosea mahali pamoja, dawa iliyobaki ni kupunguza mahali pengine pote palingane napo, na upinde utakuwa mzima lakini dhaifu kuliko ulivyokusudiwa.

Tano, upinde uliokwisha kusawazishwa hupigwa. Huanza na mishale mizito na mvuto mfupi, kwa shabaha ya furushi la majani, hali wanafunzi wote wamesimama nyuma ya mpigaji. Baada ya mishale 50 hivi, ugwe huvuliwa, na fundi hupitisha kidole cha gumba juu ya tumbo akitafuta mikunjo midogo, na juu ya mgongo akitafuta nyuzi zilizoinuka. Hulaza upinde mezani na kupima ni kiasi gani umebaki umepinda bila ugwe. Kupinda kidogo ni kawaida. Kupinda sana ni dalili kwamba mti ulikuwa mbichi, au ulivutwa upesi, au ulichongwa mwembamba mno. Jaribio hilo hurudiwa siku nyingine, na tena mvua zinapoanza, kwa sababu mti hunywa unyevu wa hewa na tabia yake hubadilika.

Iko pia katazo moja ambalo mzee hakulifanyia mzaha kamwe: usiuvute ugwe ukauachia bila mshale. Watoto hupenda mlio wake. Lakini nguvu iliyowekwa katika upinde sharti iende mahali. Mshale ukiwapo, huichukua sehemu kubwa ya nguvu hiyo na kwenda nayo. Usipokuwapo, nguvu yote huwarudia mti na ugwe, na upinde uliostahimili mishale mia huweza kupasuka kwa mvuto mmoja mtupu.

Somo la ndoo ya maji

Kutokana na kazi hiyo mwanachuo mmoja alitunga somo ambalo tungependa lijulikane. Alilaza kishikio cha upinde juu ya gogo lililowekwa kati ya madawati mawili, tumbo na ugwe vikielekea chini, akafunga ndoo ndogo katikati ya ugwe. Kando yake alisimamisha rula ya mita. Wanafunzi walimimina maji lita moja moja, wakikumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwamba uzito wa ndoo nao uhesabiwe. Kila mara walisoma ugwe umeshuka sentimita ngapi, wakachora grafu. Alama zao zilikaribia kupangika katika mstari ulionyooka.

Kisha aliwauliza, “Mstari ukianza kujikunja ghafla, ugwe ukashuka zaidi kwa lita ile ile moja, maana yake ni nini?” Msichana mmoja aliyekuwa mwandishi wa hesabu alijibu kwamba mti umeanza kushindwa. Mwalimu akauliza, “Utajuaje, kama umeshindwa au la?” Darasa lilinyamaza kidogo, kisha yule yule akasema, “Tumwage maji tuone kama utarudi.” Wakamwaga maji, ugwe ukarudi hadi alama yake ya kwanza. Twasema bila kusita kwamba katika dakika ile watoto walikuwa wamekwisha kulifahamu jambo ambalo vitabu huhitaji kurasa kadhaa kulieleza. Kupinda peke yake hakuonyeshi uzima wa upinde. Kinachouonyesha ni kurudi.

Tuliporudi shuleni pale kwa ukaguzi wa mwisho, pinde 7 katika zile 12 zilikuwa nzima, na 5 zilikuwa zimevunjika. Zilizovunjika hazikutupwa. Zilitundikwa ukutani, kila mmoja na karatasi iliyoeleza ulivunjikia wapi, ulipovutwa sentimita ngapi, na kwa sababu gani ijulikanayo. Ule uliowahi kupata 90 ulikuwa miongoni mwa uliosalimika. Ulipunguzwa sana hata ukawa mwepesi kwa mwenyewe, naye alimpa mdogo wake wa darasa la tatu, ambaye mikono yake ililingana nao.

Mwalimu mmoja aliyeandika juu ya pinde

Si ajabu kwamba kazi ya upinde na kazi ya ualimu zimewahi kukutana katika kichwa cha mtu mmoja. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alichapisha kitabu juu ya kupiga upinde, Toxophilus. Humo alimshauri mtu aliyenunua upinde mpya asiuhesabu umekwisha ati kwa sababu ametoka nao kwa fundi. Aupeleke uwanjani, aupige kwa mishale mizito, atazame ni wapi unapopinda kupita kiasi, na mahali hapo pashughulikiwe mapema kabla hapajaharibika. Kisha upinde urudishwe kwa fundi ukachongwe upya. Kati ya Kibondo na Uingereza ya karne ya 16 kuna umbali mkubwa, lakini mzee wetu na Ascham wangalielewana bila mkalimani.

Huyo Ascham alikuwa mwalimu. Kuanzia 1548 hadi 1550 alimfundisha Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia. Kitabu chake juu ya ualimu, The Scholemaster, kilichapishwa mwaka 1570, miaka miwili baada ya kufa kwake, na chanzo chake kilikuwa mazungumzo juu ya wanafunzi waliotoroka shule kwa kuogopa viboko. Katika kitabu hicho aliwaonya walimu wasiwapende mno watoto wanaoshika upesi wakawapuuza wanaoshika polepole, kwa kuwa wengi wanaoshika upesi husahau upesi, na wale wagumu hudumu na walichojifunza. Naye alipotafuta mfano alirudia mti: akasema kwamba mtoto wa namna hiyo asichongwe kinyume cha nyuzi zake. Twaamini mfano huo aliupata mikononi mwake kabla ya kuupata vitabuni.

Samaki na upinde

Hakuna methali inayotajwa zaidi katika vyuo vyetu kuliko “Samaki mkunje angali mbichi.” Hatuikanushi. Tabia njema, usafi, adabu ya kusalimu na kusikiliza, hayo hufundishwa mapema. Lakini methali hii hutumiwa pia kutetea jambo jingine, yaani haraka ya kumpa mtoto umbo na kuridhika anapolishika.

Mchonga pinde huifahamu hali ya mti mbichi kuliko sisi. Mti mbichi hupinda kwa urahisi, tena bila kelele, nao hubaki ulivyopindwa. Kwa sababu hiyo haufai kuwa upinde. Samaki aliyekunjwa hatakiwi kurudi. Upinde usiorudi ni kuni. Basi mwalimu ajiulize, katika kila somo, ni lipi kati ya hayo mawili analolitaka. Mtoto akariripo jedwali la 7 kwa sauti pamoja na wenzake, amekunjika. Tujaribu kumuuliza peke yake, baada ya juma moja, mayai mangapi yamo katika trei 7 zenye mayai 30 kila moja. Akirudi na jibu kwa njia yake mwenyewe, hata kama ni kwa kujumlisha mara 7, tumeona uzima wake. Asiporudi, hatuna haki ya kumwita mjinga. Tumegundua mahali penye ugumu, na kazi yetu ni kutia alama ya mkaa hapo.

Yafaa pia tuangalie tunakwangua wapi. Mwalimu mchanga akimwona mtoto dhaifu katika kusoma, huelekea kumsomesha hapo hapo, kila siku, mbele ya watu, mpaka mtoto akavunjika. Pengine udhaifu ule umetokea kwa sababu sehemu nyingine hazifanyi kazi yake: haoni vizuri ubaoni, au anafikiri kwa Kiha na hakuna aliyemvusha polepole hadi Kiswahili. Kiwiko cha upinde hakitibiwi kwa kukikwangua kiwiko.

Alama ziwekwe wapi?

Tunajua mwanachuo atauliza, na ni haki yake: kama kazi haiishi mpaka ijaribiwe, na jaribio laweza kuivunja, alama zitatoka wapi? Daftari la maendeleo linangoja, na mwalimu mkuu pia. Swali hili si geni katika nchi yetu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililalamikia shule zilizoishi kwa ajili ya mtihani, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kazi na maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Miaka mingi imepita tangu hapo, na mitaala imebadilika zaidi ya mara moja, lakini hoja ile ingali na nguvu.

Sisi tuliwashauri wanachuo wetu hivi. Katika alama 100 za kazi ya upinde, 50 ziende kwa daftari la majaribio, yaani vipimo vya uzito, michoro ya mpindo, grafu ya ndoo, na maelezo ya kila kilichokwanguliwa na sababu yake. Alama 20 ziende kwa ushirikiano, hasa kazi ya kumtazamia mwenzako. Alama 20 ziende kwa upinde wenyewe unavyofanya kazi, na 10 kwa sura yake. Mtoto ambaye upinde wake umevunjika, lakini anaweza kuonyesha katika daftari ulianza kuchoka siku gani na kwa nini, atapata alama za kutosha kumwinua. Mtoto mwenye upinde unaometa na daftari tupu hatapata. Mgawanyo huu si amri. Kila mwalimu aupime kwa darasa lake. Tunachosisitiza ni kwamba jaribio lisiwe hukumu inayongoja mwishoni mwa njia, bali liwe hatua ya njia yenyewe, litakalomwambia mtoto afanye nini kesho asubuhi.

Kwa kumalizia, twawaomba wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao wachague kazi moja tu ya mikono, iwe upinde, mpini wa jembe, kikapu au mzinga wa nyuki, na kabla ya kuandika andalio la somo wamtafute katika kijiji mtu aifanyaye kwa riziki yake. Wamwamkie, wamwombe ruhusa ya kukaa karibu naye siku mbili, nao wasimuulize jinsi ya kutengeneza. Wamuulize jinsi anavyojua kwamba bado. Majibu wayaandike kwa maneno yake, wayageuze kuwa maswali ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuyajibu kwa rula, mizani na macho yake mwenyewe, kisha ndipo waamue ni siku gani ya muhula meza itandikwe kitambaa.